Baiskeli na fukuto la kaskazi: hatari huja unaposimama

Tanga ni mji wa baiskeli. Tangu alfajiri utawaona wachuuzi wakitoka soko la Deep Sea na samaki kwenye keria, mafundi wakiwahi kazini, wanafunzi wamepakiana wawili wawili. Lakini kuanzia Desemba hadi Machi, kaskazi inapovuma, joto la mchana hupita nyuzi 30 na hewa hujaa unyevu wa bahari. Mwanzoni mwa Machi jua la saa sita huwa juu ya utosi hasa. Hata nguzo ya umeme haina kivuli cha kusimamia.

Ninapofundisha huduma ya kwanza, nasikia sana maneno haya: "Nikiwa juu ya baiskeli sisikii joto." Ni kweli, na hapo ndipo penye mtego. Unapokanyaga padeli, kama sehemu moja kati ya tano ya nguvu unayotumia ndiyo inayosukuma baiskeli. Iliyobaki hugeuka joto mwilini. Mwili hulitoa kwa jasho. Ila jasho linalodondoka chini halipozi kitu, linalopoza ni lile linalokaukia kwenye ngozi. Ukiwa mwendoni, upepo hulikausha. Ukisimama ghafla, upepo umekatika ilhali joto bado limo ndani, na damu hutuama miguuni: jasho linabubujika, macho yanaingia giza. Kwa hiyo usikimbilie kushuka. Punguza mwendo, kanyaga taratibu dakika chache, ndipo ushukie kivulini.

Upepo wa mgongoni nao hudanganya. Ukitoka mjini kwenda Pongwe, upande wa kusini-magharibi, kaskazi inakusukuma na safari inaonekana nyepesi, lakini ukienda sambamba na upepo, hewa inayokugusa karibu imesimama. Mwenye mzigo mzito hupata taabu zaidi, kwa kuwa anakwenda polepole na anatumia nguvu nyingi. Mizigo ya namna hiyo ipelekwe kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa kumi jioni. Ramadhani ikiangukia majira haya, baada ya swala ya alfajiri ndio wakati bora.

Kwenye jua hilo mtu anaweza kupoteza zaidi ya lita 1 ya jasho kwa saa. Kunywa mafunda machache kila baada ya dakika 15 hadi 20, usingoje kiu ikubane. Safari ikizidi saa moja, chumvi inahitajika pia: lita 1 ya maji safi na salama, vijiko 6 vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, basi. Dafu ni zuri, lakini chumvi yake ni kidogo. Lifuatishe na karanga za chumvi. Kubugia malita ya maji matupu kwa mkupuo ni hatari, kwani huzimua chumvi iliyomo kwenye damu. Mkojo ukifanana na chai ya rangi, umechelewa kunywa.

Vaa shati jepesi, pana, la rangi ya kung'aa. Kofia ngumu usiiache nyumbani kwa sababu ya joto, tafadhali. Tafuta yenye matundu, na ufunge leso mbichi shingoni. Aliyeshuka kutoka baridi ya Lushoto ajipe wiki moja hadi mbili za safari fupi mpaka mwili uzoee.

Kichwa kikigonga, kichefuchefu kikaja, misuli ikakaza au ukahisi baridi juani, safari imeishia hapo. Pumzika, kunywa, jimwagie maji.

Mwenzako akianza kuropoka, kuyumba au akaanguka na mwili unawaka, hiyo ni dharura ya kufa na kupona, hata kama bado anatoka jasho. Dawa za homa kama parasetamo hazisaidii, kwa sababu joto hili si homa. Mpelekeni kivulini, mvueni shati, mmwagieni maji mwili mzima huku mkimpepea kwa kanga au kipande cha boksi. Barafu ya muuza samaki iwekwe shingoni, makwapani na kinenani. Aliyepoteza fahamu alazwe ubavu na asinyweshwe chochote. Tafuteni gari la kumfikisha hospitali, na ndani ya gari endeleeni kumlowesha na kumpepea mpaka mumkabidhi kwa wauguzi.