Kitongoji cha jiji ni nini? Tuitazame Ruiru

Mji mdogo huwa kitongoji cha jiji pale wakazi wake wengi wanapoanza kutafutia riziki kwingine na kurudi nyumbani kulala. Hiyo ndiyo maana nyepesi kabisa. Si lazima mipaka ihamishwe wala jina libadilishwe. Ukitaka kujua kama mji umefika hapo, nenda stendi saa kumi na moja alfajiri uangalie magari yanaelekea wapi.

Nairobi imezungukwa na miji ya namna hii: Rongai, Kitengela, Ngong, Kikuyu, Juja. Naichukua Ruiru, iliyo kilomita 20 na ushei kutoka katikati ya jiji kwenye barabara ya Thika, kwa sababu hesabu yake inashtua. Sensa ya 2009 iliikuta na watu 238,858. Ile ya 2019 ikakuta 490,120. Kwa idadi hiyo ilikuwa ya nne nchini, nyuma ya Nairobi, Mombasa na Nakuru, mbele ya Eldoret iliyokuwa na 475,716. Eldoret ikatawazwa kuwa jiji mwaka 2024. Ruiru ni manispaa ndani ya Kaunti ya Kiambu, na Mkenya ukimwambia akutajie miji mikubwa ya nchi, huenda asiikumbuke hata kidogo. Vitongoji vina bahati hiyo mbaya: watu tele, jina dogo.

Lakini Nairobi ilianza kula kwa Ruiru zamani sana, kabla ya mpangaji wa kwanza kushuka na godoro lake. Mwanzoni mwa karne ya 20, jiji likiwa bado kituo cha reli kinachotafuta kuwa mji, umeme wake ulitoka kwenye maporomoko ya mto Ruiru. Baadaye likajengwa bwawa la Ruiru, juu zaidi kwenye mto huohuo, na maji yakapelekwa Nairobi. Reli ya Thika ikapita hapo, walowezi wakapanda kahawa na mkonge. Mji wenyewe ulikuwa stesheni, maduka machache na makazi ya vibarua wa mashambani. Kituo cha utafiti wa kahawa kilichopo Ruiru ndicho kilichotoa Ruiru 11, aina ya mbuni iliyoanza kusambazwa mwaka 1985 ili kustahimili chulebuni, ugonjwa wa matunda ya kahawa, na kutu ya majani. Wako wakulima mbali huko walioijua Ruiru kama mche kabla ya kuijua kama mji.

Wengi husema barabara ndiyo iliyoikuza. Mimi naona ardhi ilitangulia. Baada ya uhuru, watu walichanga hisa katika kampuni na vyama vya kununua mashamba, wakanunua mashamba ya walowezi na baadaye wakagawana. Mwaka 1989 mkataba wa kimataifa uliokuwa ukigawa mafungu ya mauzo ya kahawa ulivunjika na bei ikaporomoka. Kenya iliyokuwa ikivuna karibu tani 130,000 katika msimu wa 1987/88 haijarudi hapo tena. Kwa miaka mingi mavuno hayafiki hata nusu. Mwenye shamba karibu na jiji hakuhitaji mshauri wa kumwambia afanye nini.

Alikata ploti. Kipimo kinachojulikana na kila wakala wa ardhi ni hamsini kwa mia, yaani futi 50 kwa 100, takriban sehemu ya nane ya eka. Kwa mkulima, hapo ni vijistari vichache vya mibuni na malipo yanayokuja kwa kuchelewa. Jenga hapohapo ghorofa nne kwa mawe ya machimbo ya Ndarugu, kila ghorofa iwe na bedsita sita, yaani vyumba vya kupanga kimoja kimoja, nawe una wapangaji 24 wanaotakiwa kulipa kabla ya tarehe tano. Hesabu hiyo ndiyo iliyong'oa kahawa, na sioni ni nani angeweza kuishinda kwa hotuba za kulinda mashamba.

Kisha ikaja barabara. Thika Superhighway ilifunguliwa rasmi mwaka 2012, na mizunguko ya Pangani na Muthaiga, iliyokuwa ikila saa nzima ya mtu, ikageuzwa kuwa barabara za juu na za chini. Mtu anayefanya kazi mjini akapiga hesabu ya kodi na nauli, akahama. Eastern Bypass nayo ikaunganisha Ruiru na Embakasi, njia ya uwanja wa ndege na barabara ya Mombasa, na kando yake, pale Kamakis, nyama choma ikapata makao. Asubuhi makanga wanaita "Tao! Tao!", yaani katikati ya jiji, na mvua ikianza tu nauli inapanda kabla lami haijalowa.

Nchini Marekani kitongoji kilimaanisha zaidi familia zenye uwezo kuondoka jijini na kununua nyumba yenye ua. Ruiru ina sehemu za hivyo, Membley mojawapo, lakini kwa jumla ni mji wa wapangaji, na mpangaji huuliza maji kabla ya kuuliza ua. Hapo ndipo penye kichekesho kichungu. Mji ambao mto wake umeinywesha Nairobi miaka nenda miaka rudi una mitaa inayotegemea visima vya watu binafsi na malori ya maji, na ghorofa nyingi zimejengwa juu ya mashimo ya maji taka yanayosubiri gari la kunyonya.

Sehemu ya tatizo ni mipaka. Croydon, mji wa soko wa miaka mingi kusini mwa London, uliingizwa rasmi katika London Kuu mwaka 1965, ukawa chini ya mpango mmoja na jiji. Nairobi ilipanuliwa mwaka 1963 hadi karibu kilomita 700 za mraba, na haijapanuliwa tangu hapo. Ruiru ilibaki nje. Kwa hiyo mkazi wake anafanya kazi katika kaunti moja na kutupa taka katika nyingine, na Kiambu inalazimika kuwahudumia watu ambao kutwa nzima hawapo. Katika sensa ya 2019, karibu mtu mmoja kati ya kila watano wa Kiambu aliishi Ruiru.

Hali hiyo nayo inaweza kugeuka. Ndani ya eneo la Ruiru iko Tatu City, mji wa kupangwa unaojengwa kwenye ekari 5,000 zilizokuwa za kahawa, ukiwa na hadhi ya eneo maalumu la kiuchumi. Kuna viwanda, maghala, shule na ofisi, na alfajiri wako watu wanaopanda matatu kutoka Nairobi kuja kazini huko, wakipishana na wenzao wanaokwenda tao.