"Dipoti" haijatoka bandarini

Ile meseji ya kwenye magrupu inazunguka tena, eti "dipoti" maana yake ni kutolewa bandarini kwa hiyo ukifukuzwa nchi kwa basi haihesabiki. Sio kweli jamani. Neno limetoka Kilatini, deportare, kubeba kitu ukakipeleka mbali, na ndani yake kuna portare, kubeba, hiyo hiyo iliyotuletea ripoti na transpoti. Bandari ni portus, fungua kamusi ya Kilatini utayakuta yamewekwa mbalimbali. Warumi walikuwa na adhabu ya deportatio, unapelekwa kisiwani unanyang'anywa uraia na mali, kwa hiyo meli ilikuwepo ila jina halikutoka huko. Nadhani kinachowachanganya wengi ni pasipoti, hiyo kweli ina bandari ndani yake. Msiiforwadi tena, na aliyekutumia mweleweshe taratibu tu.