Kadi iko, bima iko, mbona bado unaitishwa pesa kaunta?

Hili swali tunaulizwa hapa kwetu karibu kila siku, na anayeuliza huwa amekasirika, na sioni kama ana makosa. Mtu amekatwa pesa za SHA, yaani bima ya afya ya serikali ya Kenya, kwa mshahara mwezi baada ya mwezi, mama anajifungua, halafu siku ya kutoka wadi anaambiwa bado kuna laki moja ya kulipa. Anaona ni kama ameibiwa. Mara nyingi hajaibiwa, ila hakuna mtu aliwahi kumkalisha chini amuelezee bima inalipa kiasi gani na yeye analipa kiasi gani.

Tuanze na ile inayokatwa maana ndio watu wanaijua. Tangu Oktoba 2024 NHIF, ile bima ya serikali ya zamani, ilipoondoka na SHA ikaingia, aliyeajiriwa anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote kabla ya makato mengine, na haina kikomo juu. Mwenye mshahara wa 50,000 alikuwa anakatwa 1,200 sasa ni 1,375, si mbaya sana, lakini mwenye 100,000 ametoka 1,700 mpaka 2,750. Waliojiajiri nao wanapimwa kulingana na hali ya maisha, chini kabisa ni 300 kwa mwezi, ila shida ni kwamba wanatakiwa walipe ya mwaka mzima mara moja ndio kadi ifanye kazi, yaani 3,600 kwa mkupuo kwa mama mboga ambaye stoki yenyewe ya siku haifiki hapo. Ndio maana ukaletwa mpango wa Lipa SHA Pole Pole, unakopeshwa ya mwaka halafu unarudisha kidogo kidogo.

Sasa hiyo yote bado si ile inayoumiza. Inayoumiza ni pengo.

SHA hailipi bili yako, inalipa bei yake. Bei imeshapangwa na kuchapishwa kwenye gazeti la serikali: kujifungua kawaida ni 10,000, upasuaji wa kujifungua ni 30,000, dialysis, ile ya kusafishwa damu figo zikishindwa, ni 10,650 kila ukienda, kulazwa hospitali ya level 4 (ngazi ya nne kati ya sita) ni 3,360 kwa siku na hapo ndani kuna kitanda, daktari, dawa, vipimo, kila kitu. Chukua mfano umelazwa siku 4 hospitali ya kibinafsi ya level 4 na bili imefika 62,000. SHA itatoa 13,440. Hiyo 48,560 iliyobaki ni yako wewe na ndugu zako na ile grupu ya WhatsApp ya mchango. Upasuaji wa kujifungua nao, kama hospitali inachaji 130,000, toa 30,000, utabaki na laki nzima ya kulipa mwenyewe. Hospitali ya serikali pengo huwa dogo zaidi, lakini huko kuna lingine: dawa haziko, unaandikiwa karatasi uende kemisti ya nje, na ya kemisti SHA haikurudishii. Hiyo pesa haiandikwi kwenye bili yoyote ndio maana hata watu hawaihesabu, na mimi naona ndio inamaliza familia zenye mgonjwa wa sukari au presha kuliko hata kulazwa.

Wenye bima za kampuni nao wasicheke. Huko bei ya mwaka inapanda, na isipopanda sana ujue kuna kitu kimepunguzwa mahali. Kopei, yaani ile unayotoa mwenyewe mfukoni, iliyokuwa 500 inakuwa 1,000 kila ukimuona daktari, kikomo cha matibabu ya nje kinabaki palepale na bei za hospitali zimepanda, meno na miwani zinawekewa vikomo vyao vidogo, na ugonjwa uliokuwa nao kabla ya kujiunga unaambiwa usubiri kwanza. Hospitali zinasema dawa na vifaa vingi vinatoka nje na shilingi ilianguka mpaka karibu 160 kwa dola mwanzo wa 2024. Sawa, lakini shilingi ilipanda tena na sijaona aliyerudisha bei chini.

Kwa hivyo kama kulazwa si kwa dharura, kabla hujasaini fomu uliza ofisi ya bima ya hospitali: bei yenu yote ni ngapi, SHA inatoa ngapi, mimi naongeza ngapi, na uombe waandike. Hiyo ya kuandika watu wanaona aibu, usione aibu. Homa, kikohozi na vitu kama hivyo anzia zahanati au kituo cha afya, level 2 na 3, pale ukiwa umejisajili matibabu ya kawaida yanalipwa na mfuko wa afya ya msingi hata kama hujalipa ya mwaka, na kujisajili ni bure kwa *147#. Ikiwa ni dharura, katiba kifungu cha 43 inasema hakuna mtu atanyimwa matibabu ya dharura, kwa hivyo wakuhudumie kwanza halafu mambo ya deposit, ile pesa ya kulipa kwanza, yafuate.

Ukitoka, itisha bili yenye kila kitu mstari kwa mstari, glavu ngapi, dripu ngapi, daktari amekuja mara ngapi. Ukiona kitu hukipati vizuri uliza hapohapo kabla ya kulipa, maana kurudishiwa baadaye ni safari ndefu. Na kama ni kampuni ya bima imekataa kulipa bila sababu ya kueleweka, andikia Mamlaka ya Kudhibiti Bima, IRA, uambatanishe ile barua ya kukataliwa na nakala ya mkataba wako.