Choa, muwasho na ile tyubu ya dukani: maswali na majibu

Ngozi ni nini hasa?
Ni kiungo kikubwa kuliko vyote mwilini. Huzuia vijidudu, hutunza maji na hupoza mwili kwa jasho. Tabaka lake la juu hujijenga upya kwa takribani mwezi mmoja, ilhali wengi wanaokuja kwangu kituo cha afya wanataka ibadilike kwa siku tatu.

Na choa?
Ni fangasi: duara lenye ukingo ulioinuka, magamba na muwasho. Kichwani huitwa mapunye. Huambukizwa kwa kugusana, taulo, kitana na mashine chafu ya kinyozi.

Nilipaka krimu ya dukani, siku ya pili muwasho ukaisha. Si nimepona?
Hapana, hujapona. Nyingi ya krimu hizo zina steroidi, ambayo hutuliza muwasho kwa kuilaza kinga ya ngozi, na fangasi wanaendelea kutambaa bila kuzuiwa. Ukiacha kupaka, choa kinarudi kipana zaidi, nawe unakimbilia tyubu nyingine. Nawapokea watu ambao duara moja la mkononi limeshafika mgongoni, kingo zimefutika, hata kulitambua inakuwa kazi. Muwasho kutulia si kupona.

Nitaijuaje?
Soma boksi. Ukiona clobetasol au betamethasone, hiyo ni steroidi, hata kama ndani yake wamechanganya na dawa ya fangasi.

Mbona jirani yangu alipewa tyubu kama hiyo hospitali?
Alipewa kwa ugonjwa wake, pengine pumu ya ngozi, na kwa siku za kuhesabu. Clobetasol kwa kawaida haipakwi zaidi ya wiki 2 mfululizo. Wewe hukupimwa. Tyubu ya jirani muachie jirani.

Mimi naipaka usoni ili ning'ae.
Nisamehe nikisema kwa ukali: unaiharibu ngozi yako. Inakuwa nyembamba, inatoa chunusi, na michirizi ikishatokea haifutiki. Ukipaka eneo kubwa kwa muda mrefu, dawa huingia kwenye damu na inaweza kupandisha sukari na presha. Mkorogo wenye zebaki huumiza figo. Kama umepaka miezi mingi, usikate ghafla peke yako. Njoo tukuachishe taratibu.

Basi choa nikitibu vipi?
Paka clotrimazole, krimu ya kuua fangasi, mara mbili kwa siku, uvuke ukingo kidogo, kwa wiki 2 hadi 4. Kikipotea machoni, endelea wiki moja au mbili zaidi. Kausha ngozi vizuri ukishaoga, na kila mtu awe na taulo lake. Mapunye hayaponi kwa krimu. Mtoto anahitaji dawa ya kumeza, kwa hiyo mlete.

Nije kituoni lini?
Kabla ya kununua tyubu ya pili. Ukiona usaha, homa au madoa yanaongezeka, njoo siku hiyohiyo. Na kila ulichopaka, kije na boksi lake.