Programu ya fidia ni nini, na kwa nini viwanda vikubwa huumia zaidi

Programu ya fidia ni programu hasidi inayoingia kwenye kompyuta, ikayafunga mafaili kwa usimbaji ambao mwenyewe hawezi kuufungua bila ufunguo, kisha ikaonyesha ujumbe wa kudai pesa, mara nyingi kwa bitcoin. Mafaili hubaki palepale, ila hayasomeki tena. Magenge mengi siku hizi hunakili data kwanza ndipo yaifunge, ili anayekataa kulipa atishiwe kwamba siri zake zitaanikwa mtandaoni.

Ofisini hasara ni nyaraka. Kiwandani, kompyuta ndizo zinazoielekeza roboti ichomelee wapi, zinazosimamia joto la tanuri, zinazochapa lebo za mizigo na kutunza kumbukumbu za nani ameagiza nini. Hata kama shambulio halikuzifikia mashine zenyewe, kiwanda kilichopoteza orodha ya maagizo husimama, kwa kuwa hakuna ajuaye kitengenezwe kitu gani na kipelekwe wapi.

Mfano uliofundisha wengi ni WannaCry. Tarehe 14 Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka, yaani marekebisho ya programu yanayoziba udhaifu, kwa kasoro iliyokuwa katika sehemu ya Windows inayoziwezesha kompyuta kubadilishana mafaili. Mwezi uliofuata, kundi lililojiita Shadow Brokers likavujisha zana ya kuitumia kasoro hiyo, zana iliyotoka katika shirika la ujasusi la Marekani, NSA. Tarehe 12 Mei WannaCry ikalipuka. Haikungoja mtu abonyeze chochote: ilirukia yenyewe kila kompyuta yenye kasoro iliyoweza kuifikia, na kudai dola 300 kwa kila moja. Renault ilisimamisha uzalishaji katika baadhi ya viwanda vyake, na kiwanda cha Nissan cha Sunderland, Uingereza, kikaguswa pia. Mwezi Juni, Honda ikafunga kwa siku moja kiwanda chake cha Sayama, Japani. Kiraka kilikuwa kimeshatolewa miezi mitatu kabla.

Kwa nini basi hakikuwekwa? Sikubaliani na wanaosema ni uzembe tu. Mashine ya kiwandani hununuliwa itumike miaka ishirini au zaidi, ilhali toleo la Windows lililomo ndani yake huacha kuhudumiwa na Microsoft mapema zaidi. Kuweka kiraka mara nyingi kunadai kompyuta izimwe na kuwashwa upya, na kwenye mstari wa uzalishaji unaokesha ukifanya kazi, kila saa ya kusimama ina gharama. Tena kuna mashine ambazo aliyeziunda hakubali programu zake ziguswe kabla hajazijaribu mwenyewe. Ukikiweka kiraka kwa nguvu, unaweza kupoteza dhamana, au roboti ikagoma kufanya kazi. Mhandisi anayesema “tusubiri matengenezo ya mwisho wa mwaka” ana sababu ya kweli. Tatizo ni kwamba wadukuzi nao husoma tangazo la kiraka, na linawaonyesha waziwazi pa kupiga.

Ndiyo maana kinga ya kwanza kwa mashine isiyoweza kuwekewa kiraka ni kuitenga: iwe kwenye mtandao wake, mbali na barua pepe za ofisi, na chochote kinachoingia humo kikaguliwe kwanza. TSMC ya Taiwan, mtengenezaji mkubwa wa chipu, ilijifunza hilo Agosti 2018. Mashine mpya iliunganishwa na mtandao wa kiwanda kabla ya kuchunguzwa, na aina ya WannaCry iliyokuwamo ikasambaa kwenye mashine nyingine. Zaidi ya mwaka ulikuwa umepita tangu kiraka kitolewe. Mwanzoni kampuni ilikadiria kwamba ingepoteza takribani asilimia 3 ya mapato ya robo hiyo ya mwaka.

Hata hivyo, viraka peke yake havitoshi. Norsk Hydro, kampuni ya alumini ya Norwei yenye wafanyakazi wapatao 35,000 wakati huo, ilishambuliwa Machi 2019 na programu iitwayo LockerGoga. Wadukuzi walikuwa wamepenya kupitia barua pepe yenye kiambatisho kilichoambukizwa, njia ambayo kiraka hakiizuii kila mara. Kampuni ilikataa kulipa. Baadhi ya viwanda vikaendeshwa kwa mikono na karatasi, na wastaafu waliokumbuka kazi hiyo wakarudi kusaidia. Mifumo ilirejeshwa kwa nakala rudufu zilizokuwa salama, kazi iliyochukua wiki nyingi na kugharimu makumi ya mamilioni ya dola.