Hisa Zako Zikisimamishwa Sokoni

Mwenye hisa aliyeko Wete anafungua Hisa Kiganjani, programu ya simu ya Soko la Hisa la Dar es Salaam, asubuhi auze kidogo, anaona kampuni yake haipokei oda. Wazo la kwanza ni kwamba kampuni imefilisika. Mara nyingi sivyo. Kinachosimama ni ununuzi na uuzaji wa hisa, si kampuni. Hisa bado ni zako, na gawio, yaani sehemu yako ya faida, likitangazwa unalipwa.

Sababu kubwa ni habari. Pale Malindi samaki wakinadiwa, kila mmoja anawaona kwa macho, anabonyeza, anatazama matamvua, ndipo anapandisha bei. Hisa haibonyezwi. Mnunuzi hutegemea hesabu zilizokaguliwa na taarifa ambazo kampuni inatoa kwa umma. Hesabu zikichelewa, mkaguzi akikataa kutoa maoni, au bei ikapaa siku tatu mfululizo bila jambo lolote kutangazwa, kuna hatari kwamba aliye ndani anajua na anayenunua hajui. Hapo mdhibiti, yaani mamlaka inayosimamia soko, hufunga mnada mpaka wote wajue.

Mkanganyiko wa jina nao hutosha. Machi 2020, wakati watu wakihamia mikutano ya video, SEC, tume inayosimamia masoko ya hisa Marekani, ilisimamisha hisa za Zoom Technologies. Wanunuzi walikuwa wakiidhania ni Zoom Video Communications, kampuni nyingine kabisa. Kwa sheria ya huko, amri moja ya namna hiyo haizidi siku 10 za kazi.

Kwetu Afrika Mashariki muda waweza kuwa mrefu mno. Hisa za Kenya Airways zilisimamishwa Nairobi Julai 2020, serikali ilipokuwa na mpango wa kulitaifisha shirika hilo, maana hakuna aliyeweza kukadiria bei wakati hatima ya wanahisa haijulikani. Zilirudi sokoni Januari 2025. Aliyeweka humo ada ya skuli ya mtoto alikaa miaka minne na nusu bila ya kuweza kuuza hata hisa moja sokoni. Kwa hiyo fedha unayoihitaji mwakani usiifanye hisa.

Zikisimamishwa zako, soma kwanza tangazo la soko: limetaja sababu gani, na kampuni inatakiwa ifanye nini. Kisha muulize dalali wako, kwa maandishi, oda uliyoiweka kabla imefikia wapi. Atakayekufuata barazani akitaka kuzinunua nusu bei kwa karatasi ya makubaliano, mkatalie. Karatasi hiyo haibadilishi jina kwenye daftari la wanahisa. Orodha ya madalali wenye leseni iko kwa Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana (CMSA).

Soko likifunguliwa tena, usiagize kuuza kwa bei yoyote itakayopatikana. Siku hiyo waliokwama wote hutaka kutoka pamoja na wanunuzi ni wachache. Taja bei ya chini kabisa unayoikubali, na siku ambayo oda yako itakoma.