Mpelelezi wa ridhaa katika riwaya ya fumbo

Mpelelezi wa ridhaa ni mhusika anayefumbua uhalifu ilhali upelelezi si kazi yake. Hana pingu wala kitambulisho, na hana mamlaka ya kumlazimisha mtu kujibu swali. Sisi wasomaji wa Kiswahili tulimjua mapema. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, aliyeingia vitabuni na Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, hakuwa askari. Faraji Katalambulla alipotoa Simu ya Kifo mwaka 1965, anayemwinda muuaji tayari ni polisi.

Lakini Bwana Msa hatushangazi. Tangu mwanzo twajua ndiye kichwa cha hadithi. Kuna mwenzake ambaye hakuna anayemdhania: mpelelezi asiyetarajiwa. Agatha Christie alimpa nafasi hiyo Miss Marple, bibi mzee wa kijijini Uingereza, katika riwaya ya mwaka 1930. Bibi huyo hufumbua mauaji kwa kumlinganisha mshukiwa na watu wa kijiji chake aliowaona wakikosea kwa namna ileile.

Hapo ndipo ulipo msingi wa aina hii ya riwaya: fumbo hufunguka kwa sababu ya tabia na maisha ya mpelelezi. Tuchukue mama muuza mahamri wa Kibokoni, hapa Mji wa Kale, Mombasa. Kila alfajiri anajua nyumba ipi inachukua mahamri sita na ipi kumi, nani halipi mpaka mwisho wa mwezi, nani ameacha kununua mbaazi. Mtu anauawa mtaani, na jirani mmoja anawaambia polisi kwamba mkewe yuko Lamu wiki nzima na nyumbani yumo yeye na mtoto tu. Polisi wanaandika. Mama anakumbuka kwamba wiki nzima mtoto wa nyumba ile ametumwa mahamri kumi, kama kawaida, na asubuhi baada ya mauaji akachukua manne; basi kuna mtu aliyekuwa akila humo, na sasa hayupo. Inspekta hodari asingeliona hilo, kwa kuwa hajawahi kusimama pale na beseni.

Na mama huyu lazima awe na lake moyoni. Asiingie kwenye kesi kwa udaku tu. Labda anayeshukiwa ni mpwa wake aliyemlea, na labda marehemu alikuwa akidaiwa na mama huyu fedha nyingi. Sasa msomaji anamwonea huruma na papo hapo anamtilia shaka. Kwangu mimi huo ndio utamu wenyewe, kuliko hata kumjua muuaji.

Kisha kuna gharama, jambo ambalo waandishi wengi hulipita mbio. Askari akimaliza kazi huondoka mtaani. Mama anabaki. Akiuliza swali moja la ziada, barazani watu wananyamaza anapopita; shoga yake wa miaka anaanza kununua mahamri kwa mwingine. Wale anaowachunguza ndio wanaomlisha, ndio watakaomzika. Kila ukweli anaoupata unamwondolea kitu fulani, na riwaya nzuri huonyesha kitu hicho kikiondoka.

Kosa linaloniudhi ni mwandishi kumchagua mtu kama huyu halafu kumgeuza ghafla awe bingwa wa sumu au alama za vidole. Msomaji ana haki ya kuona kila kidokezo kabla ya jibu, na hapa vidokezo hivyo havina budi kutoka katika kazi ya mama. Yale mahamri manne yatajwe sura za mwanzo, katikati ya shughuli za kukaanga na kurudisha chenji, tuyasome bila kuyashtukia. Kama fumbo haliwezi kufunguliwa kwa anachokijua mama huyu, basi mwandishi amemwajiri mtu asiyefaa, na afadhali kesi aikabidhi kwa polisi tangu sura ya kwanza.